Jirani Yako Analala Chumba Gani?

Haya ni maneno niliyosema katika mkutano wa mwaka wa wakazi. Waliokosa kufika waliomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni picha za ukutani na kikohozi changu.

Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja. Vijana, msiondoke. Kuna viti vinaletwa, vimeazimwa nyumba ya pili. Mwenyekiti ameniambia nina nusu saa. Wanaonifahamu wameshaanza kumwonea huruma mwenyekiti.

Nimeombwa nijibu swali moja: je, watu wa leo bado ni majirani wema? Kabla sijajibu, nawauliza ninyi. Tunyooshe mikono, bila kuoneana haya. Nani anajua jina la mtu anayeishi mlango wa kulia kwake? Jina, si "yule baba wa gari jeupe". Vizuri, mko wengi. Na wa kushoto? Mikono imepungua. Haya, la mwisho: nani anajua jirani yake analala chumba gani?

Mnacheka. Nilijua mtacheka. Mama mmoja pale ameshusha mkono upesi kabla mumewe hajageuka. Lakini swali hilo sikulileta kwa ajili ya kicheko. Lishikeni, tutalihitaji.

Tuanze na tuhuma. "Watu wa siku hizi hawana utu." Mmewahi kuisikia? Mmewahi kuisema? Mimi nimeisema mara nyingi, hasa nikikaa na wenzangu wa rika langu na mazungumzo ya maana yametuishia. Na tuhuma hiyo ina kisa chake mashuhuri, kilichozunguka dunia.

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 1964, katika mtaa wa Kew Gardens, Queens, jijini New York, mwanamke wa miaka 28 aitwaye Kitty Genovese alikuwa akirudi nyumbani kutoka kazini. Ilikuwa yapata saa tisa za usiku. Mwanamume asiyemjua akamfuata, akamchoma kisu. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times likaandika kwamba majirani 38 walishuhudia kwa zaidi ya nusu saa, wakiwa madirishani mwao, na wakati wote wa shambulio hakuna hata mmoja aliyepiga simu polisi. Watu 38! Kisa kile kikahubiriwa, kikafundishwa madarasani, kikaingia katika vitabu vya saikolojia. Kwa miaka hamsini, kila aliyetaka kuthibitisha kwamba jiji limeua ujirani alitaja idadi hiyo, kisha akanyamaza kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa sikilizeni. Haikuwa hivyo. Waliorudi kukichunguza kisa hicho walikuta kwamba wengi wa wanaohesabiwa mashahidi walisikia sauti tu, wala hawakuona kitu. Shambulio la pili lilifanyika ndani, penye ngazi za nyuma ya jengo, mahali ambapo karibu hakuna dirisha lililoweza kupaona. Mtu mmoja alifungua dirisha lake akamkemea yule muuaji, muuaji akakimbia, ndipo baadaye akarudi. Na mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari ile ilikuwa na kasoro na kwamba hesabu ya mashahidi ilikuwa imetiwa chumvi nyingi.

Alikuwapo jirani ambaye hadithi ya watu 38 haikumpa nafasi. Aliitwa Sophia Farrar. Alipopata habari usiku ule, alitoka mbio, asijue kama mwenye kisu ameondoka au bado yuko ngazini. Akamkuta Kitty, akamshika mikononi mwake, akakaa naye hadi msaada ulipofika. Nawauliza, kwa nini dunia nzima ilimjua yule wa dirishani asiyefanya kitu, na huyu aliyetoka mbio tukaja kumsikia miaka mingi baadaye? Nadhani ni kwa sababu tuhuma ile inatupumzisha. Kama wote wameharibika, na mimi sidaiwi.

Hata hivyo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Usiku uleule palikuwa na mtu aliyefungua mlango wake, akaona, akaufunga. Alieleza baadaye kwamba hakutaka kujiingiza. Mtu huyo naye ni wa kweli, na anaishi katika majengo yetu. Kuna siku anavaa viatu vyangu.

Kisa kile, pamoja na chumvi zake, kilizaa utafiti wa maana. Bibb Latané na John Darley, wanasaikolojia, walichapisha mwaka 1968 jaribio lao. Mwanafunzi aliwekwa chumbani peke yake, akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, na ghafla akamsikia mmoja wao kama amepatwa na kifafa. Kati ya walioamini kwamba ni wao peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada. Kati ya walioamini wapo wengine wanne wanaosikia, waliotoka ni asilimia 31. Watu ni walewale, na roho ni zilezile. Kilichoongezeka ni wazo moja dogo: "Wengine wataenda."

Na mimi ni shahidi wa wazo hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiishi katika jengo la ghorofa. Usiku mmoja nikasikia kishindo juu ya dari yangu. Kishindo kimoja, kizito. Juu yangu alikuwa akiishi bibi mmoja, mjane. Nikaamka, nikatega sikio. Kimya. Nikajiambia ni kiti kimeanguka. Halafu nikajiambia, jengo lina milango kumi na miwili, kama kuna jambo, aliye karibu zaidi ataenda. Aliye karibu zaidi! Mimi dari yangu ndiyo sakafu yake. Nikageukia ukutani, nikalala. Asubuhi alikutwa ameanguka, amevunjika nyonga, amelala hapo chini usiku kucha. Alipona, namshukuru Mungu. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hukusikia?"

Nikasema sikusikia.

Jambo hilo sijapata kulisema mbele za watu. Tuendelee.

Sasa turudi kwenye vyumba vya kulala. Tarehe 17 Januari 1995, saa 11 na dakika 46 alfajiri, tetemeko la ardhi liliupiga mji wa Kobe na maeneo ya kando yake, nchini Japani. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Barabara zilizibwa, maji ya kuzimia moto yakakosekana, magari ya uokoaji hayakutosha hata kwa robo ya kilio kilichokuwapo. Walionasa chini ya nyumba zao, nani aliwatoa? Walio wengi walitolewa na jamaa zao na majirani zao, kwa mikono, kwa misumeno ya nyumbani, kwa jeki za magari. Kikosi cha uokoaji huja kinapoweza kuja. Jirani alikuwa tayari yupo, na nguo zake za kulalia.

Ng'ambo ya Kobe kuna kisiwa cha Awaji, karibu kabisa na kitovu cha tetemeko lile, na katika kisiwa hicho kulikuwa na mji mdogo wa Hokudan. Nyumba zililala chini, watu karibu 300 wakanasa humo. Lakini kufikia alasiri ya siku ileile, mji mzima ulikuwa umekwisha kumjua kila mkazi alipo, aliye hai na aliyekufa. Sehemu nyingine walikuwa bado wanatafuta siku kadhaa baadaye. Hawa waliwezaje?

Walijua kila mtu analala chumba gani.

Hawakufukua nyumba nzima kwa kubahatisha. Walisimama juu ya kifusi wakasema, bibi hulala upande huu, na kichwa chake hukiweka huku. Wakachimba hapo. Mama uliyeshusha mkono, sasa unaweza kuupandisha.

Ndugu zangu, ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kikao, wala kwa fomu ya mwenyekiti. Unaupata siku umemsaidia mtu kuingiza kitanda mlangoni kikakwama. Unaupata siku umekwenda kumtazama mgonjwa ukaambiwa pita ndani, yuko chumbani. Kila mara ni jambo dogo, na hakuna anayedhani anajifunza kitu. Kisha siku moja ardhi inatikisika, na kile kitanda kilichokwama mlangoni kinaokoa mtu.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kitabu cha Mithali kinasema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Na Waislamu wenzetu mnaikumbuka ile hadithi: Bibi Aisha alimuuliza Mtume, nina majirani wawili, zawadi yangu nimpe nani? Akajibiwa, yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi nawe. Ona alivyojibu. Hakuuliza nani mwema zaidi, wala nani mnapatana zaidi. Aliangalia mlango.

Na mlango una nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake walitoa utafiti juu ya nyumba za wanafunzi wenye ndoa wa chuo cha MIT, Marekani. Watu walipangiwa nyumba pale bila kuchagua jirani. Waliopakana mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajana kuwa marafiki wa karibu. Waliotenganishwa na mlango mmoja, asilimia 22. Wa ncha mbili za ukumbi uleule, asilimia 10. Ukumbi mmoja, ghorofa moja, tofauti ni hatua chache tu! Tunapenda kuamini kwamba rafiki tunamchagua kwa hekima kubwa. Mara nyingi tulikutana naye akitafuta funguo.

Lakini kuwa karibu peke yake hakutoshi, na hapa nataka tukae kidogo.

Januari 2006, jijini London, maofisa walifungua kwa nguvu chumba kimoja kwa sababu mpangaji wake alikuwa na deni la kodi. Wakamkuta mwenyewe ndani. Alikuwa mwanamke aliyefariki akiwa na miaka 38, na alikuwa amekufa tangu yapata Desemba 2003. Zaidi ya miaka miwili. Televisheni ilikuwa bado inawaka. Fikirini jambo hilo. Kwa zaidi ya miaka miwili watu walipita mlangoni hapo, wakasikia sauti ya televisheni, wakaenda zao. Sehemu ya kodi yake ilikuwa ikilipwa moja kwa moja, bila mtu kubisha hodi. Umeme haukukatika. Kila kitu kiliendelea kwenda chenyewe, na kwa kuwa kila kitu kilikwenda chenyewe, hakuna aliyehitaji kumwona. Kilichomkumbuka ni deni.

Mnisamehe, hapa sina neno la kufariji. Ninachokiona ni kwamba lugha yetu ilikwisha kutupa kipimo, nasi tunakitumia kila siku bila kukisikia. Neno "karibu" linataja umbali, na neno hilohilo linamwambia mtu aingie. Yule mwanamke alikuwa karibu na watu wengi sana. Aliyemwambia karibu, au aliyepiga hodi asubiri aambiwe, ndiye aliyekosekana.

Japani leo jambo hili lina jina lake, kodokushi, kufa peke yako nyumbani pasipo mtu kujua. Mwaka 2024 polisi wa nchi ile walihesabu zaidi ya watu 76,000 waliofariki nyumbani wakiwa wanaishi peke yao, na wengi wao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Wengine walipatikana siku ileile, wengine baada ya wiki nyingi. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafuata 2021. Siwacheki. Serikali ikifika mahali pa kuteua waziri wa kukugongea mlango, ujue kuna kitu kimehama.

Je, ni mioyo iliyohama? Hapa ndipo mimi na wazee wenzangu huachana njia.

Julai 1995, mwaka uleule wa Kobe, joto kali liliingia Chicago. Tarehe 13 lilifika takriban nyuzi 41. Katika muda wa wiki moja watu 739 zaidi ya kawaida walikufa, wengi wao wazee, wengi peke yao, madirisha yamefungwa. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alikwenda akalinganisha mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa ya watu maskini. Yote miwili ilikuwa na wazee wengi wanaoishi peke yao. Joto lilikuwa moja. Lakini kwa kulinganisha na idadi ya wakazi, vifo vya North Lawndale vilikuwa kama mara kumi ya vile vya South Lawndale.

Mara kumi! Je, ng'ambo moja ya barabara walizaliwa watu wema na ng'ambo ya pili watu wabaya? Mtaa wa kwanza viwanda vilikuwa vimeondoka, maduka yamefungwa, viwanja vimebaki vitupu, na wazee waliogopa kutoka nje. Mtaa wa pili njia zilijaa watu, maduka yalikuwa wazi, mzee alikuwa na mahali pa kwenda na macho ya kumwona akienda. Siku asipopita, kuna atakayeuliza, "Mzee leo vipi?" Mzee wa ng'ambo alikuwa na majirani wenye huruma kama hao, pengine kuwazidi. Huruma yao haikuwa na njia ya kupita.

Mwingine ni Donald Appleyard, mtaalamu wa mipango miji. Huyu alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi, isipokuwa wingi wa magari. Mmoja ulipitwa na magari kama 2,000 kwa siku, wa pili 8,000, wa tatu 16,000. Wakazi wa mtaa wa magari machache walikuwa, kwa wastani, na marafiki watatu mtaani kwao. Wakazi wa mtaa wa magari mengi hawakufikisha hata mmoja. Alipowaomba wachore kwenye ramani mahali wanapopaona kuwa ni kwao, wa mtaa mtulivu walichora mtaa mzima. Wa mtaa wa magari walichora nyumba zao tu, na wakaishia hapo. Appleyard mwenyewe aligongwa na gari Athens mwaka 1982, akafa. Dunia ina mizaha yake, na mingine si ya kucheka.

Kwa hiyo mwenyekiti, unapopokea ombi la kuondoa lile benchi la pale kona kwa sababu "vijana wanakaa tu", ukumbuke mzee wa Lawndale. Kukaa tu ni kazi. Najua wapo walioandika ombi hilo, na wako humu. Tutasalimiana baadaye.

Mtasema, lakini siku hizi tuna makundi ya WhatsApp. Tunayo. Nimo katika manne. Yanafaa sana kwa habari ya maji kukatika na mbwa aliyepotea. Lakini juzi mama mmoja aliandika kwamba mwanawe anaumwa usiku na hana usafiri. Nikahesabu "pole" 43 na mikono mingi ya dua. Aliyetoka na gari ni mmoja, tena hayumo kwenye kundi. Aliamshwa na mlango kugongwa. Mnaikumbuka asilimia 31?

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Mengine yote yalikuwa njia.

Tukisema jirani mwema, tunamfikiria mtoaji, mtu wa kusaidia. Na kila mmoja wetu, nikiwauliza, atasema yuko tayari kusaidia. Naamini mko tayari. Sasa nauliza kinyume chake: mara ya mwisho umeomba lini? Lini ulikwenda kwa jirani ukamwambia, nimekwama, nisaidie?

Nilipohamia nyumba ninayoishi sasa nilinunua kila kitu. Ngazi yangu, drili yangu, toroli langu. Mke wangu aliniuliza ngazi ya nini, tutapanda mara mbili kwa mwaka. Nikasema sitaki kumsumbua mtu. Nilijiona mstaarabu kweli. Miaka sita nikaishi hivyo, nikimsalimu jirani yangu kwa kumpungia mkono, naye akinipungia. Kumbe ukuta unaotutenganisha una ngazi mbili, moja huku na moja kule, zote zimelala na kutu.

Kisha usiku mmoja bomba likapasuka. Maji yakajaa ukumbini, na mimi sijui koki kuu iko wapi. Nilikuwa na vifaa vyote duniani, ila koki nilikuwa siijui. Nikatoka na bukta, nikagonga. Jamaa akaja na spana, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba yangu, akainama chini ya kichaka, akafunga. Aliyekuwa akiishi pale kabla yangu alikuwa rafiki yake. Aliijua nyumba yangu kuliko mimi. Tulipokuwa tunakamua matambara nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa kumwamsha. Akaniambia, "Mzee mwenzangu, nilidhani hamtupendi."

Miaka sita! Nilidhani namheshimu kwa kutomsumbua. Yeye alisikia mlango unafungwa.

Benjamin Franklin alisimulia kisa kama hicho katika habari za maisha yake. Katika Bunge la Pennsylvania, karne ya 18, alikuwa na mpinzani aliyemkalia vibaya. Franklin hakumpelekea zawadi, wala hakumsifia. Alimwandikia barua ya kumwomba amwazime kitabu adimu alichosikia anacho. Yule bwana akampelekea mara moja. Franklin akakirudisha baada ya wiki moja hivi, na barua ya shukrani. Walipokutana tena bungeni, yule bwana akamwanza kwa salamu, na urafiki wao ukadumu mpaka alipokufa. Franklin alikuwa mjanja, sitaki kumfanya mtakatifu, lakini hapo aliona kitu. Anayekupa huwa juu kidogo, nawe chini. Anayekuomba amekupandisha.

Na uwezo umetunyang'anya hilo. Kadiri tunavyopata, ndivyo tunavyonunua, na kadiri tunavyonunua, ndivyo tunavyokosa sababu ya kuvuka kizingiti. Utaniambia huo ni uhuru. Ndiyo, ni uhuru, nami sitamani kurudi kuomba kila kitu. Lakini mtu asiyeomba kamwe anawaambia wenzake kimyakimya kwamba naye asiombwe.

Kijana mmoja aliniandikia kabla ya mkutano, na nimeahidi kumjibu. Amesema, "Mimi sitaki majirani wajue mambo yangu. Ujirani wa zamani mnaousifia ulikuwa umbea."

Kijana, una haki. Tena ninaongeza ambalo hukulisema. Ujirani ule wa zamani ulijua nyumba ipi mke anapigwa, na ukanyamaza, ukasema ni mambo ya ndani. Ulijua, haukwenda. Wazee wangu, tusilifunike hilo. Macho mengi hayakuwa kinga kwa kila mtu. Kwa wengine yalikuwa jela, na waliohamia majengo ya kufungiana milango walikuwa na sababu zao. Kwa hiyo sikuombi uniambie unampenda nani, unapata kiasi gani, wala unaswali wapi. Bakiza pazia lako. Ninachotaka kujua ni kidogo sana: unalala upande gani, una mtu wa kumpigia simu usiku, na nikisikia kishindo, nipande au nisipande.

Je, watu wa leo bado ni majirani wema? Mwaka 2020, dunia ilipofungiwa ndani kwa ajili ya korona, tuliona watu waliopakana miaka mingi wakijifunza majina yao wakiwa madirishani. Walichapisha vikaratasi vyenye namba za simu wakavisukuma chini ya milango: ukihitaji dawa, niite. Watu hao hawakuletwa kutoka nchi nyingine. Walikuwa hapohapo ukutani, na mimi nikiwa mmoja wao. Yule bibi wa ghorofani, nilikuwa nimehama jengo lake siku nyingi. Nilimpigia. Nilimwambia kwamba usiku ule nilisikia.

Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nilijua, mwanangu. Kitanda chako kilikuwa kinalia ukigeuka."

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimemaliza. Ila vile viti mlivyoletewa, mama wa nyumba ya pili anavitaka kabla ya jua kuchwa, na yuko peke yake leo. Ni 24. Naomba watu sita wa kunisaidia kuvirudisha. Wewe kijana wa barua, na ninyi wa ombi la benchi, njooni mbele. Viingie chumba cha nyuma, mkono wa kushoto, amesema tusigonge ukuta.